Dereva wa Baba

Ghislaine Boucher alikuwa amelala chali chini ya gari lake, anakaza bomba la maji machafu, alipoona viatu vyeupe vya kike vimesimama karibu na kichwa chake.

“Samahani, madam,” sauti ikasema huko juu. “Wewe ndiye dereva?”

Ghislaine akajivuta nje, akajifuta mikono kwenye suruali. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amekumbatia boksi la keki kifuani. Hakuhitaji kutambulishwa. Macho yale ya kijivu, yaliyolegea kidogo pembeni, alikuwa ameyaona kwenye picha zote za sebuleni kwa Normand. Alikuwa ni Mylène, binti yake wa pekee, anayeishi Rimouski.

“Nani kakwambia mimi ni dereva?” Ghislaine akauliza taratibu.

“Baba. Kwenye simu. Anakusifu kweli, anasema kona zote za pwani umezikata bila kumrusha roho.” Mylène akatabasamu, tabasamu zuri lisilo na ubaya wowote. “Leo anatimiza sitini na sita. Nimeendesha tangu alfajiri nije nimshtue. Ameamka?”

Ameamka. Ghislaine ndiye aliyemwamsha, kwa kumbusu nyuma ya sikio, kwenye kitanda kile kile walichokuwa wakilala pamoja kwa siku tisa sasa. Gari lile la nyumba lilikuwa mali yake, lenye jiko, choo na pazia za maua alizozishona mwenyewe. Alilinunua alipostaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kuendesha basi la shule mjini Alma. Normand Cyr alikutana naye ukumbi wa kanisa, Jumatano za karata, miaka miwili iliyopita. Majira haya ya kiangazi walikubaliana kuizunguka rasi yote ya Gaspésie, kuanzia minara ya taa ya kaskazini mpaka kwenye ghuba ya kusini, na kila waliposimama Normand alikuwa akimshika kiuno na kusema, “Ghis, kwa nini hatukuonana zamani?”

Mlango wa gari ukafunguka. Normand akatokea na kikombe cha kahawa, nywele timutimu, amevaa sweta la Ghislaine mabegani. Alipomwona binti yake, kahawa ikamwagika mguuni.

“Baba! Heri ya kuzaliwa!”

“Mylène! Binti yangu!” Akashuka, akamkumbatia, na juu ya bega la binti macho yake yakakutana na ya Ghislaine. Yalikuwa yanaomba. Ghislaine hakuwahi kuyaona yakiomba namna ile.

“Gari zuri,” Mylène akasema, akichungulia ndani. “Ila naona kitanda ni kimoja. Wewe madam unalala wapi?”

 Ghislaine akamwangalia Normand, akimwachia yeye jibu.

“Anapanga kibanda,” Normand akasema. “Vile vibanda vya mbao, kule juu.”

“Kizuri?”

“Kina kunguni,” Ghislaine akajibu.

Mylène akacheka, akidhani ni utani.

Ikaja zamu ya tiketi. Zilikuwa mbili, zimebandikwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, za mashua ya saa nne kwenda kisiwa cha Bonaventure kutazama ndege wa baharini. Mylène akaziona, akapiga makofi.

“Mbili! Baba, ulijua nitakuja? Au...” Akamgeukia Ghislaine. “Jamani, labda moja ilikuwa yako. Lakini dereva si atafurahi kupumzika kidogo? Sijakaa na baba peke yetu tangu mama afariki.”

Jibu lilikuwa la Normand. Upepo wa bahari ulipeperusha pazia za maua, jirani wa kambi alikuwa anakaanga nyama, na Mwamba wa Percé ulikuwa umesimama pale baharini na tundu lake, unapigwa jua. Normand akamwaga majanini kahawa iliyobaki.

“Madam Boucher atapumzika,” akasema.

Madam Boucher!

Normand alipoingia ndani kuchukua koti, Ghislaine alimfuata akavuta mlango.

“Rudia.”

“Ghis, punguza sauti. Atasikia.”

“Na asikie! Siku tisa nakukuna mgongo, nakukumbusha vidonge vya presha, navumilia unavyokoroma kama msumeno wa kiwandani, leo mimi ni Madam Boucher mwenye kibanda?”

“Nipe leo tu. Leo peke yake.”

“Kwa nini ulimwambia mimi ni dereva?”

“Sikumwambia. Aliuliza nani anaendesha, nikasema kuna mtu. Akasema, dereva? Nikasema eeh. Ilitoka hivyo tu.”

“Na ukaiacha itoke.”

Normand akakaa ukingoni mwa kitanda, koti mkononi. “Siku tuliyomzika Lucette, Mylène alinishika mkono pale kaburini. Alikuwa amemuuguza mama yake miezi saba, amemsafisha, amemlisha kwa kijiko. Akaniambia, baba, niahidi hakuna mwanamke mwingine atakayekaa kwenye kiti cha mama. Nikaahidi. Ningesema nini siku ile?”

“Siku ile, hicho hicho. Sikulaumu kwa siku ile.” Sauti ya Ghislaine ilianza kutetemeka, akajichukia kwa kutetemeka kwake. “Nakulaumu kwa leo. Udereva si aibu kwangu, Normand. Nimewapeleka watoto shule kwenye theluji miaka ishirini na minane, hakuna hata mmoja aliyechubuka. Lakini kazi yangu umeifanya shuka la kunifunikia mimi.”

“Baba!” Mylène akaita nje. “Mashua!”

Normand akasimama. Akanyoosha mkono amguse shavu. Ghislaine akaupiga ule mkono kama anafukuza nzi.

“Nenda kaangalie ndege.”

Naye akaenda. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alimtazama kupitia dirishani akitembea kuelekea gatini, binti yake kamshika mkono, na hakugeuka hata mara moja.

Kwa nusu saa Ghislaine aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akavunja kikombe. Hakikumponyoka. Alikirusha kwenye sinki makusudi, na kilipopasuka alitukana kwa sauti tusi zito la kwao, lile la kutaja ovyo vyombo vitakatifu vya altare, mpaka jirani wa nyama akageuka na mwiko wake. Akavaa koti lake jekundu, akafunga gari, akashuka gatini.

“Mashua inayofuata ina nafasi?” akamuuliza mwanamke wa dirishani.

“Moja tu.”

“Mimi ni mmoja tu.”

Mashua ilipita chini kabisa ya Mwamba. Abiria wote walisimama kupiga picha na nahodha alieleza jambo kwenye kipaza sauti. Ghislaine hakusikia hata neno. Alikuwa ameota kuja hapa tangu ujana wake, na sasa yupo, na ukuta ule wa mawe mekundu ulipita machoni mwake kama ukuta wa gereji. Hilo nalo akaliongeza kwenye hesabu ya Normand: amemharibia hata Mwamba.

Kisiwani njia ilikata msituni kwa zaidi ya nusu saa. Kabla hajawaona ndege aliwasikia, kelele kama za uwanja wa mpira, na harufu ikamkaba koo. Kisha miti ikaisha. Maelfu kwa maelfu ya ndege weupe, vichwa vya manjano, wamebanana juu ya jabali mpaka ukingoni mwa bahari. Kila mmoja alikuwa anamsugua mwenzake mdomo kwa mdomo, wakipiga kelele.

Normand na Mylène walikuwa wameegemea uzio wa kamba. Binti alikuwa anamwonyesha baba yake ndege fulani, wanacheka. Ndicho kilichomaliza subira yote ya Ghislaine, kicheko kile.

“Normand Cyr!”

Ikabidi apige kelele, maana bila hivyo pale mtu hasikiki. Watu wote kwenye uzio wakageuka. Normand akageuka wa mwisho, na uso wake ukawa wa majivu.

“Dereva?” Mylène akashangaa. “Kuna tatizo na gari?”

“Gari ni zima. Tatizo ni abiria. Mwambie, Normand.”

“Ghislaine, si hapa.”

“Hapa! Kila mtu hapa yuko na mwenzake na hakuna anayejificha, hata ndege. Mwambie nalala wapi.”

Mylène akamtazama Ghislaine, akamtazama baba yake, akarudi tena kwa Ghislaine na koti lake jekundu. Tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo.

“Baba? Anasema nini huyu?”

Normand akashika kamba ya uzio kwa mikono miwili.  Kwa sekunde moja Ghislaine alimhurumia, akajikaza asimhurumie.

“Baba, nakuuliza.”

“Tutaongea nyumbani,” Normand akasema.

Bibi mmoja mwenye darubini shingoni, asiyewajua, akatikisa kichwa. “Loo, bwana we,” akasema. “Hapo umeharibu.”

“Nyumbani kwa nani?” Ghislaine akapaza sauti. “Kwako, ambako nikija Jumapili naingia kwa mlango wa nyuma jirani asinione? Nilidhani unanilindia heshima! Kumbe unajilindia wewe!”

“Tangu lini?” Mylène akamkatiza. Sauti yake ilikuwa imekauka. “Wewe na baba yangu, tangu lini?”

“Miaka miwili, ikifika Novemba.”

“Mama alikuwa na mwaka mmoja kaburini!”

“Ndiyo. Mwaka mmoja. Sikumchukua kwa mama yako, mwanangu. Nilimkuta ukumbini anacheza karata mwenyewe, shati limefungwa vifungo upande.”

“Usiniite mwanangu. Na usimtaje mama yangu.”

“Simtaji. Baba yako ndiye anayemtaja, kila siku ya Mungu, Lucette alifanya hivi, Lucette alipenda vile. Na anayemsikiliza ni mimi. Sijawahi kumwambia anyamaze. Hata mara moja.” Machozi yalikuwa karibu, akayameza kwa hasira. “Sikutaka kiti cha mtu. Nimekuja na changu, kina usukani mbele yake. Nilichotaka ni atamke jina langu mbele ya watu.”

Akageuka akaondoka. Nyuma yake alimsikia Normand anaita, “Ghis! Ghis!” kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayeita huku akiogopa kusikika. Ghislaine akaongeza mwendo.

Aliporudi kambini alifanya mambo kwa haraka na kwa mpangilio, kama alivyozoea asubuhi za baridi kabla ya kuwasha basi. Begi la Normand alilipanga vizuri, mashati chini, soksi pembeni, vidonge vya presha juu kabisa ili asihangaike kuvitafuta. Akaliweka kwenye meza ya nje, na keki juu yake, haijaguswa. Akawasha gari, akashika barabara ya kusini.

Hakulia. Cap d’Espoir ilipita, nyumba za rangi rangi, mitego ya kambakoche imepangwa uani. Grande-Rivière ikapita. Alikuwa anaongea peke yake, anamgombeza mtu ambaye hayupo, akimpa majibu mabaya ili apate kumjibu vizuri zaidi. Karibu na Chandler aliona kwenye kioo cha pembeni gari dogo la kijivu linamfuata, linawasha na kuzima taa. Akakazia macho mbele. Gari la kijivu likapiga honi. Akafungua dirisha, akatoa mkono, akaonyesha kwamba barabara ni pana, atakaye apite.

Alisimama kabla ya Port-Daniel kwa sababu mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Asingesimama kwa ajili ya mtu. Alikuwa ameshaanza kujaza tangi gari la kijivu lilipoingia kituoni, na wa kwanza kushuka hakuwa Normand. Alikuwa Mylène, macho mekundu, nywele zimefumuka.

“Mchukue,” akasema.

“Simtaki.”

“Hata mimi simtaki. Analia tangu Grande-Rivière.” Mylène akaegemea gari la Ghislaine, akavuta pumzi. “Nimekunyang’anya tiketi, madam. Nimekuuliza unalala wapi kama mtumishi. Mimi sikulelewa hivyo. Mama angenizaba kofi. Na baba alikuwa amesimama pale anaangalia, akaniacha nifanye.”

“Alituacha wote wawili.”

“Siku ile kaburini nilikuwa nimechanganyikiwa. Sikuwa nimelala siku nne. Kumbe ameibeba ahadi ile kama sheria, akaona bora anidanganye miaka miwili kuliko kuniuliza kama bado naitaka.” Akajifuta pua. “Sikupendi, nikuambie ukweli. Sijui kama nitakupenda. Nikikuangalia nakasirika. Lakini alikuwa anacheka kwenye simu, mwaka huu wote, na nilidhani ni zile dawa mpya.”

Ghislaine alitaka kujibu kitu kikali. Kikamtoroka. “Dawa zile zinamletea gesi tu,” akasema.

Mdomo wa Mylène ukacheza, karibu ucheke, ukajizuia.

Mlango wa pili wa gari la kijivu ukafunguka. Normand akashuka na begi lake, shati limekunjamana, uso umevimba. Alitembea mpaka kati yao, chini ya paa la kituo, mbele ya mwenye kituo aliyekuwa anafuta kioo na wenye malori wawili waliokuwa wanakula viazi vya sosi vyenye jibini. Akaweka begi chini. Akavua kofia.

“Mylène,” akasema kwa sauti kubwa. “Huyu ni Ghislaine Boucher. Anaendesha gari lake mwenyewe, nami ananibeba kwa hisani. Ni mwanamke wangu. Nampenda. Nalala kwake, na kibanda hakuna.”

“Baba, inatosha,” Mylène akanong’ona, masikio yamewiva.

“Haitoshi. Nilimpenda mama yako miaka thelathini na tisa na simuachi. Na huyu nampenda. Nilikuwa naona haya, si kwa sababu yake. Niliona haya kuwa na furaha wakati wewe bado unalia.” Akamgeukia Ghislaine. “Ghis, nilikuwa mwoga. Asubuhi mwoga, kwenye tiketi mwoga, kwa wale ndege mwoga zaidi. Nipige ukitaka.”

Dereva mmoja wa lori akaacha kutafuna.

Ghislaine akarudisha mpira wa mafuta mahali pake, akafunga tangi, akafuta mikono. Moyo ulikuwa unamwenda mbio na ungemkimbilia pale pale, angeuruhusu. Hakuuruhusu.

“Nimesikia,” akasema. “Ni maneno mazuri. Yalitakiwa saa tatu asubuhi.”

“Najua.”

“Leo hupandi. Utalala atakakolala binti yako, mna mambo ya miaka miwili ya kusemezana, na mimi nina hasira ninayotaka kuimaliza bila wewe kunitazama kwa macho hayo. Keshokutwa nitakuwa Carleton, kambi ya ufukweni. Ukija, uje mchana. Watu wakiwa macho.”

“Nitakuja.”

“Sikuulizi kama utakuja.”

Akapanda, akaufunga mlango. Normand alibaki amesimama na kofia mkononi, begi miguuni. Barabarani tu, kituo kilipopotea nyuma ya kona, ndipo Ghislaine alipolia, kwa kwikwi, akiendesha taratibu, gari la mtu asiyemjua likimvumilia nyuma.

Siku ya kwanza Carleton aliosha pazia. Siku ya pili aliamka bado amekasirika na akafurahi kuiona hasira ipo, maana aliogopa kumpokea mtu kirahisi. Saa sita mchana, kambi imejaa, majiko yanafuka moshi, akaona gari la kijivu linaingia getini. Likasimama mbali, kule mwanzo wa safu. Normand akashuka peke yake, amechana nywele. Mylène akabaki kwenye usukani, dirisha wazi.

Normand hakuja moja kwa moja. Aligonga gari la kwanza la safu. Mzee mmoja mwenye kaptula akatoka.

“Habari za mchana,” Normand akasema, akimpa mkono, kwa sauti iliyofika ufukweni. “Naitwa Normand Cyr, wa Alma. Niko na Ghislaine Boucher, yule mwenye pazia za maua pale. Ni mpenzi wangu.”

“Ah,” mzee akasema. “Hongera, bwana.”

Akaenda gari la pili. “Habari za mchana. Naitwa Normand Cyr. Niko na Ghislaine Boucher.” La tatu akakuta familia nzima mezani, akawasalimu mmoja mmoja, mpaka bibi kiziwi aliyemtaka arudie, akarudia. La nne hawakuwapo, akamwambia mbwa.

Ghislaine alisimama mlangoni mwa gari lake, mikono imefungwa kifuani. “Normand!” akaita. “Wamesikia! Rudi!”

“Bado wale wa mwisho!” akajibu bila kugeuka.

Kule mbali Mylène alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika, na Ghislaine hakujua kama analia au anacheka. Naye alibana midomo. Alikuwa amejiwekea hasira ya wiki nzima, ameipangia kila siku na neno lake. Normand akagonga gari la saba, akavua kofia, akasafisha koo, akalitaja jina la Ghislaine tena. Na Ghislaine akarudi ndani haraka, asije akaonekana anacheka, akaweka maji ya kahawa ya watu watatu.